Viwanda vya mbali, mji wa Unguja

Husemwa kwamba miji hukua kwa viwanda vinavyowavuta wahamiaji. Lakini ukitafuta bomba la moshi lililoukuza mji wa Unguja hulioni, maana viwanda vyenyewe vilikuwa ng'ambo ya bahari. Mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani uliwafungulia njia wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts. Walileta nguo za pamba zilizofumwa Massachusetts, ndiyo merikani yetu, wakaondoka na sandarusi, utomvu wa miti wa kutengenezea vanishi, na pembe za ndovu, ambazo nyingi ziliishia Connecticut kuwa vibonyezo vya piano. Shehena zilitaka wachukuzi, maghala na wakopeshaji. Wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat wakazidi, Washihiri wa Yemen wakaja kubeba mizigo, Wanyamwezi wakateremka na misafara ya pembe.

Karafuu, zao la mashamba ya visiwani, nayo ina masharti yake. Huchumwa kabla ua halijafunguka, rangi inapoanza kuiva. Likishafunguka, thamani imeshuka. Hutengwa na makonyo, yaani vikonyo vyake, mapema, huanikwa juani juu ya majamvi siku nne au tano, na kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Zikirundikwa zikiwa mbichi huchacha, zikikauka huwa nyeupe, nyepesi, zimesinyaa. Kwa hiyo shamba hudai mikono mingi kwa muda mfupi, kisha huiachilia. Kabla ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, na nakataa katakata kuwaita wahamiaji watu waliotekwa. Baadaye wenye mashamba waliwategemea vibarua, wakiwemo waliotoka bara. Msimu ukiisha, baadhi ya vibarua hao walikwenda kutafuta kazi bandarini.

Walilala Ng'ambo, upande wa pili wa hori la Darajani. Mwenye kibanda cha fito, udongo na makuti alimiliki nyumba tu, kiwanja alikilipia kodi. Mwaka 1928 wakaazi waligoma kuilipa. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari walianza mgomo uliosambaa mjini, na hapo ndipo serikali ilipoona jinsi mji mzima ulivyosimama juu ya mabega yao.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, karibu nusu yao Mjini Magharibi. Siku hizi vinavyowavuta watu mjini ni hoteli na ujenzi, lakini mpangilio haujabadilika: watu hujenga kwanza, mitaro hufuata. Ndiyo maana masika yakichanganya, maji yamekuwa yakituama katika mitaa kama Mwanakwerekwe.