Fidia ya Mateka wa Badri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii nimekaa na kisa cha mateka wa vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria. Mateka mwenye mali alijikomboa kwa fedha. Asiye na kitu lakini anajua kuandika, Mtume (s.a.w.) alimwekea fidia nyingine: awafundishe watoto wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina. Inasimuliwa kuwa Zaid bin Thabit alijifunza kwa njia hiyo, yeye aliyekuja kuwa mwandishi wa Wahyi. Na walimu wenyewe ni washirikina waliokuwa wametoka kuinua panga juu ya Waislamu!

Huku kwetu Kusini mwa Tanzania shule zilikuja pamoja na kanisa: Masasi mwaka 1876, Ndanda 1906. Wazee waliogopa mtoto atakwenda kusoma arudi na jina jingine. Siwalaumu, wako waliorudi nalo. Wala hawakuwa wajinga. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa na karne nyingi Mjerumani alipofika, na pwani yote hii watu wakiandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Kazi za serikali zilipohamia herufi za Kirumi, mzee aliyesoma msahafu tangu utoto akahesabiwa hajui kusoma. Ukarani na ualimu ukaenda kwa wengine, na wajukuu wakarithi pengo lile. Mwaka 1969 shule za misheni zilitaifishwa ili milango iwe wazi kwa wote, lakini pengo la vizazi halizibwi kwa sheria moja.

Tumeachwa nyuma, ni kweli. Ila kuna jeraha tunalotiana wenyewe, nalo ni kangomba, kununua korosho za mtu kwa bei ya chini kabla hazijavunwa. Julai mtoto wa mjane hana sare, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Mama anauza mavuno ya shamba lake kwa bei ya kutupa, na mnunuzi ni mtu anayesali safu ya mbele. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, tunaisoma, kisha tunatoka msikitini tukapime korosho za yatima zikiwa bado maua.

Ndugu zangu wenye mikorosho mingi, minada ikianza Oktoba tuweke fungu msikitini. Julai ijayo mjane akopeshwe hapo hela ya sare na madaftari, bila nyongeza hata shilingi, alipe akishauza korosho zake mwenyewe.