Siku moja ya utingo: tela la mbolea limekaa mbugani

Saa 11 alfajiri, Kaliua. Mvua imepiga turubai usiku kucha. Suka, yaani dereva wangu, bado amejifunika kitandani nyuma ya viti, mimi niko nje na kipande cha nondo nagonga matairi, moja moja. Lililopungua upepo linajulikana kwa mlio. Maji, oili, kamba za turubai, basi. Semi yetu imebeba tani 30 za mbolea, yaani mifuko 600 ya kilo 50, inakwenda ghala la chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, ndani huko upande wa Ulyankulu. Tukanywa chai na chapati karibu na stesheni, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma.

Saa 2 asubuhi tumeshaingia njia ya vumbi, ambayo leo haina vumbi lolote. Penye changarawe unapita huku unapiga stori. Kasheshe ni mbuga, yaani tambarare ya udongo mweusi. Kiangazi udongo ule mweusi unapasuka nyufa za kuingia mguu. Ukinywa maji unateleza juu na kunasa chini. Nikashuka, nikatangulia na fimbo nikichoma-choma njia.

Saa 3 kichwa, sehemu ya mbele yenye injini, kikapita, tela likakaa. Matairi ya kushoto yalikata ukingo wa njia, ekseli zikalalia tope. Suka hakukanyaga mafuta tena, na hilo ndilo ninalompendea. Wapo wanaokanyaga mpaka difu, ile ekseli ya kichwa inayosukuma gari, nayo inajichimbia kaburi, halafu wanailaumu serikali.

"Dogo, toa machepe."

Watu hawakukawia. Mwangaluka, mwangaluka, salamu za Kisukuma, kisha bei.

"Mia tano kwa mfuko."

"Mia mbili, wanangu."

Tukafungana mia tatu kushusha, mia tatu kupandisha. Vijana wakavamia upande wa mbele, maana ndiko kulikokuwa kukavu. Suka akawazuia: mzigo wa mbele unakandamiza matairi ya difu, ukiutoa yatazunguka bure. Shusheni wa nyuma! Mzee mmoja aliyesimama na maksai wake akacheka, akasema hata jembe halilimi bila mtu wa kulikandamiza. Ikaisha kelele.

Saa 5 hadi saa 8 sina cha kusimulia ila tope. Unalala kifudifudi chini ya tela, unakwangua tope linalobana ekseli, chepe linatoka zito kuliko lilivyoingia. Mbele ya kila tairi tukachimba mteremko mrefu, maana tairi haliwezi kupanda ukuta. Humo tukakingamisha miti na matawi (bwana misitu asisome hapa). Mifuko tukaipanga juu ya magogo, turubai juu yake, kwa sababu mbolea ikilowa inaganda na mkulima haipokei. Matairi ya difu tukayapunguza upepo kidogo yatandazike. Wa kurudishia upo kwenye mitungi ya breki, na mpira wa kujazia tunao.

Saa 9 likaja trekta la kulimia. Mnyororo ukafungwa, nami nikapewa kazi ya kufukuza watoto. Mnyororo ukikatika hauchagui mtu, na watoto wanapenda kusimama pale pale. Suka akabana difu loki, ili matairi ya difu yazunguke pamoja, gari likiwa limesimama, usukani umenyooka, gia ya kwanza. Trekta likavuta, kichwa kikavuta. Tela likatikisika, likapanda mti wa kwanza, wa pili, likatoka.

Watu wakashangilia kama mpira, lakini mifuko yote iliyoshushwa ilikuwa bado inatusubiri, na safari hii inapanda juu.

Saa 2 usiku tupo ghalani. Mtunza ghala akahesabu kwa tochi, akatenga mifuko minne iliyolowa, tukaandikiana. Suka kampigia bosi: tunalala huku, hatutoki mpaka jua lipige njia. Kesho tunarudi tupu, na tupu difu haina cha kuikandamiza.