Spa Kongwe Chini ya Milima ya Santa Catalina: Nimeipima kwa Maji Yake

Aprili inaishia. Mama amelala, nami niko kibarazani nje ya chumba chetu, na upepo wa usiku unashuka kutoka mlimani. Mchana tulikuwa tunakimbilia vivuli. Sasa nimejifunika shuka mabegani. Jangwa liko hivyo: hewa kavu haiwezi kushika joto, jua likizama tu linaondoka nalo.

Tuko kaskazini mwa Tucson, Arizona, mahali ambapo barabara za mji zinaanza kupanda kuelekea Milima ya Santa Catalina. Tumekuja kwa ajili ya magoti ya Mama. Hewa yenye unyevu humchosha, na maji ya uvuguvugu humpa nafuu inayoonekana hata kwa jinsi anavyoinuka kitini, kwa hiyo nikamtafutia hoteli yenye hewa kavu na maji moto kwa pamoja. Jina la hoteli naliacha, maana nitakayoyasema yanazihusu nyingi za rika lake. Ni ya zama zile ambazo hoteli za mapumziko zilijengwa pana na fupi, kuta za rangi ya udongo, korido ndefu za wazi, na spa ikiwa upande wa nyuma karibu na korongo.

Wageni wengi huihukumu hoteli ya namna hii kwa macho. Zulia limepauka, mlango wa kabati umelegea, bafu lina vigae vya rangi isiyopendwa tena. Yote hayo yapo hapa, na sikuyajali sana. Nilichokwenda kuangalia kwanza ni maji: yananukaje, yana joto gani, yanapita wapi, na je, aliyekabidhiwa kuyatunza anapewa muda wa kuyatunza? Spa ni maji na mikono ya watu. Hivyo viwili vikiwa sawa, zulia linaweza kusubiri.

Katika nchi hii maji yana uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya maji ya Tucson hutoka Mto Colorado. Mfereji wa Central Arizona Project huyavusha jangwa kwa takriban kilomita 540, na njiani pampu huyapandisha zaidi ya mita 800. Kisha yanamwagwa kwenye bwawa la wazi chini ya jua ambalo linaweza kuyakausha kwa kina cha zaidi ya mita moja kwa mwaka. Kinachopaa ni maji matupu, madini yanabaki. Maji ya hapa ni magumu, yaani yamejaa madini, tangu yanapoingia kwenye mabomba, na yakikaa juani yanazidi kuwa magumu. Ndiyo maana kila hoteli ya jangwani ina ule mstari mweupe kwenye vigae, pale uso wa maji unapogusa ukuta. Chokaa ile ukiisugua mara kwa mara inatoka kwa brashi na asidi nyepesi. Ukiiacha msimu mzima inageuka jiwe.

Basi asubuhi ya kwanza nilipiga magoti ukingoni mwa bwawa kubwa nikapitisha kidole kwenye mstari huo. Safi. Vigae ni vya zamani, baadhi vimepasuka kwenye pembe, lakini kuna mtu anavisugua. Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba niliweza kuhesabu matundu ya chujio la chini. Hayakuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Wengi hudhani bwawa likinuka klorini kali ndiyo limesafishwa vizuri. Ni kinyume chake: harufu ile hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na mafuta ya miili. Bwawa lililotunzwa halinuki. Huwa nasafiri na vijikaratasi vya kupimia maji, vinauzwa popote penye vifaa vya mabwawa, na hapo vilinionyesha klorini ya kutosha na pH, kipimo cha ukali wa asidi ya maji, iliyo ndani ya 7.0 hadi 7.8, kiwango kinachoshauriwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Mama aliingia, akatembea maji yakimfika kifuani, akacheka peke yake. Nikaona safari imeanza kulipa.

Bwawa dogo la maji moto lilinipa mawazo mengine.

Liko juu kidogo, limezungukwa na mawe, na ukiketi ndani unatazama miamba ya mlima ikibadilika rangi jioni. Mahali pazuri kuliko pote hapa. Lakini nilipokaribia nilihisi ile harufu, na pembeni povu lilikuwa limejikusanya bila kupasuka. Nikazamisha kijikaratasi. Klorini ilikuwa chini sana. Maji moto yanahitaji angalau sehemu 3 kwa milioni, wakati bwawa la kawaida linatosheka na 1, na sababu yake ni rahisi: joto huimaliza klorini haraka, mapovu ya hewa huifukuza, na watu wachache tu kwenye bwawa dogo ni umati. Maji hayo pia hayatakiwi kuzidi nyuzijoto 40. Na kati ya nyuzijoto 25 na 45 ndipo bakteria wa Legionella wanapostawi, wale waliojulikana mwaka 1976 baada ya watu waliokutana kwenye hoteli moja ya Philadelphia kuugua mapafu na wengi kufa. Wanaingia kifuani kwa kuvutwa na pumzi pamoja na matone madogo ya mvuke. Kwa mtu mzima wa umri wa Mama, si jambo la kupuuza.

Nikamwambia asiingie. Akanitazama kwa masikitiko.

"Mwanangu, nimetoka kote huko kuja kuyaangalia?"

"Subiri kidogo, Mama. Nakwenda kumtafuta mhusika."

Nilimpata kijana wa matengenezo akiwa na begi la vifaa begani. Hakubisha wala hakujitetea. Alikuja, akapima kwa kifaa chake, akafunga bwawa kwa kamba, akaweka dawa, na kunieleza kwamba halitafunguliwa mpaka apime tena na kuridhika. Nikamuuliza wako wangapi wanaotunza mabwawa. Akasema zamu hiyo yuko peke yake, na zaidi ya mabwawa anashughulikia pia taa za njia na viyoyozi vya vyumba. Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko kipimo chenyewe. Kijana anaijua kazi yake. Aliyempangia ratiba hajui kwamba bwawa la maji moto lenye wageni linataka kuangaliwa mara kadhaa kwa siku, au anajua na ameona gharama ni kubwa.

Kabla sijaondoka nilichungulia mifuniko ya tundu la kunyonyea maji. Hili naliangalia kila mahali, hasa penye watoto. Tangu mwaka 2007 Marekani ina sheria inayobeba jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 aliyenaswa na mvuto wa tundu la namna hiyo kwenye bwawa la maji moto mwaka 2002 akazama. Kwa sheria hiyo mabwawa ya umma yanapaswa kuwa na mifuniko isiyoweza kumnasa mtu, na kwenye mfuniko wenyewe huandikwa umri wake wa matumizi. Mabwawa ya zamani yalijengwa kabla ya sheria, kwa hiyo ukikuta mfuniko mpya ujue kuna mtu amefungua mfuko. Hapa ilikuwa mipya, imekazwa vizuri. Haki yao niwape.

Kiti cha kumshushia bwawani mtu asiyeweza ngazi nacho kipo, kama kanuni za nchi hii kwa watu wenye ulemavu zinavyotaka. Kilikuwa kimefunikwa kwa turubai, na tulipokifunua betri haikuwa na chaji. Mama alishuka kwa ngazi huku nimemshika kiuno, akilalamika kwa sauti ya chini kila hatua. Ukingoni mwa bwawa kulikuwa na mzee mwingine, amekaa kiti cha magurudumu kivulini, akitutazama. Hakuomba chochote. Betri ile inachajiwa usiku mmoja tu. Kila nikikumbuka uso wa yule mzee nakasirika upya.

Chumba cha mvuke kimefungwa. Karatasi mlangoni inasema kiko kwenye matengenezo, na wino wake umepauka, kwa hiyo si habari ya juzi. Mhudumu alisema ni mtambo wa kuchemshia maji. Siwezi kushangaa: maji magumu yakichemshwa kila siku huacha chokaa kwenye vyuma vya joto, na usipoisafisha chuma hupata moto kupita kiasi kikaungua. Ila imeniuma, kwa sababu mahali pakavu kama hapa chumba cha mvuke ndicho mwili unachokililia. Pua imekauka, midomo imepasuka, ngozi ya visigino inakwaruza shuka. Sauna inafanya kazi, mbao zake zinanukia vizuri na jiko limepangwa mawe safi, lakini hewa kavu ya nyuzijoto 80 na zaidi si dawa ya mtu aliyetoka kwenye hewa kavu. Mama aliingia, akakaa muda wa kusema shahada, akatoka.

Sasa mikono. Hapa hoteli hii imenishinda kwa wema. Arizona inamtaka mkandaji awe na leseni ya jimbo, na leseni zilikuwa zimetundikwa ukutani mahali pa kusomeka. Mkandaji aliyepewa Mama alikuwa mtu mzima mwenye vidole vifupi na sauti ya taratibu. Hakumlaza haraka. Alimuuliza shinikizo la damu likoje, anatumia dawa gani, goti gani lilianza kuuma, anapolala hulilalia ubavu gani. Kisha akaweka mto chini ya magoti na mwingine chini ya vifundo vya miguu, akapasha mafuta kwenye viganja vyake kabla ya kumgusa. Alipofika kwenye goti hakulibana goti. Alikwenda kwenye misuli ya paja na ya nyuma ya mguu, akaifuata polepole mpaka ikaachia. Meza ilikuwa ya zamani, pazia limechanika pindo, na spika ya muziki ilikuwa inakwaruza. Mama hakuona hata kimoja. Alitoka anatembea kwa hatua ndefu, na akamshika yule mkandaji mikono yote miwili kwa muda mrefu.

Nilizungumza naye kidogo tukiwa tunasubiri chai ya majani. Ameajiriwa hapa kabla ya wasimamizi wengi wa sasa hawajaja. Watu wa namna hii ndio spa yenyewe, na hoteli ikiwapoteza hakuna ukarabati utakaowarudisha.

Chumba cha mazoezi kina mashine za kutosha, moja mbovu. Taulo ni nyingi, nyembamba, safi. Maji ya kunywa yamewekwa kila kona, jambo la busara, kwa kuwa jasho la jangwani hukauka kabla hujalihisi na mtu anaishiwa maji akidhani yuko salama. Bomba la mvua chumbani kwetu lilikuwa limeziba nusu ya matundu kwa chokaa. Niliomba lilowekwe kwenye siki, likarudi likimwaga vizuri. Kuhusu bei, hoteli inatoza ada ya lazima ya kila siku inayodaiwa kuwa ni ya mabwawa, spa na intaneti. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inazilazimu hoteli kuonyesha ada ya aina hiyo ndani ya bei ya kwanza anayoiona mteja, na hawa wanaionyesha. Vizuri. Lakini ada ya spa ambayo chumba chake cha mvuke kimefungwa ingepaswa kupunguzwa bila mteja kuomba, nami nililisema hilo kwenye mapokezi bila kupandisha sauti.

Alfajiri nilipanda njia ya korongo nyuma ya spa. Saguaro, zile dungusi kakati ndefu za jangwa hili, zimeanza kuchanua, maua meupe juu kabisa vichwani, yanayofunguka usiku na kufumba mchana unaofuata. Saguaro huchukua kama miaka 50 na zaidi kabla ya kutoa mkono wa kwanza, kwa hiyo zile zenye mikono mingi zilikuwa hapa kabla ya msingi wa hoteli kuchimbwa. Ukitaka baridi, barabara ya mlimani inakupeleka hadi karibu na kilele cha Mount Lemmon, mita 2,791, ukitoka kwenye miiba na kuingia kwenye misonobari kwa safari ya saa moja hivi ya gari. Hakuna hoteli mpya ya mjini inayoweza kujenga hivyo vitu.

Mapokezi wameweka ubao wenye michoro ya ukarabati ujao: kaunta mpya, taa kubwa, baa yenye sakafu ya mawe. Nimesimama mbele ya ubao huo nikitafuta neno moja kuhusu pampu, vichujio au mtambo wa mvuke. Halimo. Kwa hiyo nimewaandikia meneja ukurasa mzima, nikiwaomba kabla ya taa ile kubwa waajiri mtu wa pili wa maji, waweke mtambo wa kulainisha maji yanayokwenda kwenye mvuke, na wampandishie mshahara yule mkandaji. Nimeweka namba yangu ya simu.

Mama anataka turudi Novemba. Nimemwambia tutarudi, ila kabla ya kulipa nitawapigia kuuliza kama chumba cha mvuke kimefunguliwa, na kama kiti cha bwawani kina chaji.