Bushi za bronzi: poda ya bati ndiyo inayoamua kipimo

Bushi ya feni au ya mota ndogo, yaani pete inayoshika mhimili unaozunguka, ile inayojilainisha kwa mafuta yaliyojificha ndani ya vitundu vyake, haimaliziwi kwenye mashine ya kukereza. Kisu kikipita kwenye tundu la ndani kinapaka bronzi juu ya vitundu na kuviziba, na hapo mafuta hayatoki tena. Msasa nao ni vilevile. Bushi yenyewe ni poda ya shaba na ya bati (metali ya tin, si mabati ya paa) iliyokandamizwa kwenye presi, kisha ikachomwa tanurini. Kwa hiyo kipimo cha ndani lazima kitoke sahihi tanurini, kibaki kusawazishwa kidogo tu kwa pini. Bushi zangu sasa zinatoka hivyo, na kilichonifikisha hapo ni kuishughulikia poda ya bati kuliko kuhangaika na presi.

Mchanganyiko wangu wa kilo moja ni gramu 900 za poda ya shaba inayopita chekeche la maikroni 150, gramu 100 za poda ya bati inayopita maikroni 45, na gramu 7 hivi za stereti ya zinki ili kipande kiteleze kinapotoka kwenye kalibu. Bati ni ghali mara kadhaa kuliko shaba, na ile laini kabisa ni ghali zaidi, lakini hapa si pa kubania. Kila chembe ya bati inapoyeyuka inaacha shimo la ukubwa wake. Bati likiwa la chembe kubwa, bushi inavimba na kubaki na mashimo makubwa yasiyoshika mafuta vizuri.

Kuvimba huko kuna sababu yake. Kwa nyuzi 232 za Selsiasi bati limeshakuwa maji, linajipenyeza katikati ya chembe za shaba na kuzisukuma, na shaba inaendelea kulinywa. Kipande kinakua. Tanuri likivuka nyuzi 798 kimiminika kinajitokeza tena ndani, chembe zinavutana, na kipande kinaanza kurudi. Kipimo utakachopata ndicho kilichobaki baada ya mivutano hiyo miwili. Ukikandamiza sana kwenye presi, ukuaji unaongezeka. Ukiweka grafiti, unaongezeka pia. Ukichoma kwa muda mrefu au kwa joto la juu zaidi, kipande kinapungua. Ndiyo maana anayebadilisha mambo matatu kwa mpigo hajui kamwe kilichomharibia.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote, na bado unatolewa kwa kujiamini, ni huu: nunua poda ya bronzi iliyokwisha kuyeyushwa pamoja, bati na shaba ndani ya chembe moja, utaepuka matatizo yote. Nilifuata. Chembe za bronzi ni ngumu, hazikubali kubonyea na kushikana kama shaba tupu. Kwa shinikizo la megapaskali 200, linalotosha kabisa kwa mchanganyiko wa kawaida, kingo za kipande zilibomoka zikiguswa na kidole. Kwa 400 kilishika, lakini pini ya katikati ya kalibu, inayounda tundu, ikaanza kupata mikwaruzo na kipande kikawa kinalia kikisukumwa nje. Kisha tanurini hakikukua hata kidogo. Kilisinyaa, tundu la milimita 8 likabana, na mafuta yakaingia kidogo. Poda hiyo ikiwa ya chembe za duara ndiyo mbaya zaidi kwa presi. Hiyo kazi yake ni vichujio, inamiminwa kwenye kalibu na kuchomwa bila kukandamizwa.

Ila kusinyaa huko ndiko kulikonipa dawa. Kama bati lililo peke yake linakuza na bronzi iliyo tayari inasinyaza, basi zikichanganywa zinarekebishana. Poda ya bronzi yenye chembe zisizo za duara, asilimia 90 shaba na 10 bati, ninaitia gramu 200, halafu shaba inashuka hadi 720 na bati hadi 80. Bati lote kwa jumla bado ni asilimia 10, ukuaji unapungua, na presi haihisi tofauti kubwa. Kipimo kikibaki kikubwa naongeza bronzi kidogo, kikipungua naitoa, bila kugusa joto wala shinikizo. Sijui njia nyingine ya kurekebisha iliyo rahisi kama hii kwa karakana ndogo.

Kuchanganya kuna utaratibu: shaba kwanza na matone machache ya mafuta mepesi, kisha bati ili ligande juu ya shaba, stereti mwisho. Chombo kisijae zaidi ya nusu. Poda iliyosafirishwa kwenye gari ichanganywe upya, maana mtikisiko unatenganisha chembe ndogo na kubwa. Vaa barakoa, na usiruhusu vumbi la stereti litande karibu na moto.

Bushi ya milimita 12 nje, 8 ndani, urefu 10, inataka gramu 3.9 za poda na tani moja na robo hivi ya nguvu. Kalibu ijazwe milimita 20, kwa sababu poda inashuka kama nusu. Iegemeze kalibu juu ya springi ili shinikizo lifike juu na chini. Bila hivyo upande wa chini unabaki laini.

Tanurini natumia gesi ya naitrojeni yenye haidrojeni asilimia 5. Nasimamisha joto kwenye 450 hadi 500 stereti iungue yote, ndipo napanda hadi 820 kwa dakika kama 8. Kipimajoto kikae karibu na bushi zenyewe, kisiwe ukutani. Usifungue mpaka zipoe chini ya nyuzi 150, la sivyo zinapiga weusi.

Vunja moja. Ndani pakiwa na rangi ya dhahabu iliyo sawasawa, umepatia. Madoa mekundu ni shaba ambayo haijapata bati, madoa ya kijivu ni bati ambalo halijaenea. Vishanga vya bati juu ya ngozi vinaonyesha bati lilijikusanya sehemu moja, rudi kwenye uchanganyaji.

Mafuta yanaingizwa kwa kuzamisha bushi ndani ya mafuta ya tabaini yenye moto huku hewa inavutwa na pampu. Pima kumi kwa pamoja kwenye mizani ya sonara kabla na baada: zikiongezeka gramu moja au zaidi, zimeshika kama asilimia 18 ya ujazo wake, na hiyo inatosha. Kisha ipashe moja joto kidogo, utaona mafuta yakitoka jasho ukuta mzima wa ndani. Upande mmoja ukibaki mkavu, hiyo usiiuze.

Wakati wa kuipachika kwenye nyumba yake, yaani tundu la mashine inamokaa, tumia pini yenye bega, unene wake uwe ule wa tundu unaoutaka. Bushi ikibanwa kutoka nje tundu nalo linabana, na pini ndiyo inayolizuia lisipungue kupita kiasi.