Wanja juu ya jicho

Jumapili, saa nne usiku. Watoto wamelala bila kuoga, vumbi jekundu la hifadhi ya Bryce Canyon, Marekani, limewajaa hadi masikioni. Tuliondoka kule alasiri, mwendo wa saa nne hivi hadi Salt Lake City, na njia nzima kitinda mimba wangu alikuwa anabweka. Si kama mbwa. Kama kiatu kipya cha raba kinapokwaruza sakafu.

Alikuwa anaiga wanyama tuliokwenda kuwatazama. Waingereza na Wamarekani wanawaita mbwa wa mbugani, "prairie dog", lakini umbwa hawana hata chembe. Ni ndugu zake kindi, wanaishi mashimoni, na aina hii tuliyoifuata haipatikani popote duniani isipokuwa kusini-magharibi mwa jimbo hili la Utah. Mwaka 1972 walikadiriwa kubaki kama 3,300. Mwaka uliofuata wakaingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 1984 hali yao ikahesabiwa kuwa imepata nafuu kidogo. Watoto sikuwaambia hayo. Mwenye miaka minne ukimtajia 3,300 anaona ni wengi kupita kiasi. Kwake ishirini tu ni harusi.

Niliwaambia walale kifudifudi kando ya njia, wanyamaze. Dakika kumi, ambazo kwa wanangu ni sawa na hotuba ya mbunge. Kichwa kikachomoza, kikazama, kikachomoza tena. Kisha akatoka mzima, akasimama wima, mikono kifuani, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi akaona haya kubisha hodi.

"Mama, amepaka wanja!" mkubwa akaninong'oneza.

Kweli. Juu ya kila jicho ana alama nyeusi, kama nyusi zilizochorwa kwa haraka. Akaja mwenzake, wakagusanisha midomo, ndiyo salamu yao hiyo. Mdogo akachomoa zabibu mfukoni ili naye ashiriki. Nikamdaka mkono hewani.

Mhifadhi alikuwa ametuonya: msiwalishe, msiwaguse, viroboto wao huweza kubeba tauni. Watalii wenzetu walitikisa vichwa tu wakaendelea kupiga picha. Mimi nimezaliwa Lushoto, Tanzania. Tauni iliingia kwetu mwaka 1980, ikawa inaondoka na kurudi kwa zaidi ya miaka 20, na kabla sijajua a-e-i-o-u nilishajua kwamba panya aliyekufa haguswi. Sikutegemea kuja kukutana na neno hilo likizoni. Kumbe huku nako ni mgeni, lilishuka na meli kwenye bandari za Marekani karibu na mwaka 1900, na wanyama hawa hawakuwa na kinga yoyote. Likiingia kwenye makazi yao laweza kuwafagia karibu wote. Kwa hiyo wahifadhi hupuliza mashimoni unga wa kuua viroboto. Mkubwa alicheka sana kusikia kwamba wanapakwa poda wakiwa nyumbani kwao.

Lakini si tauni peke yake. Mkubwa aliuliza nani aliwamaliza wanyama hawa, mhifadhi akajibu bila kuzungusha: watu, kwa sumu. Wakulima na wafugaji waliona wanawamalizia ng'ombe majani, na serikali yenyewe ikasaidia kuwaua. Hata hawa wa Bryce walirudishwa, waliletwa kutoka kwingine kuanzia miaka ya 1970.

"Wakulima wabaya," binti yangu akasema.

Nikajifanya natafuta chupa ya maji.

Kumpendesha mtoto tembo ni kazi nyepesi. Tembo yuko kwenye noti yetu ya 10,000, anajitetea mwenyewe. Huyu mdogo anayefukua ndiye mtihani. Nikiwa na umri wa binti yangu nilikuwa nashinda kwenye shamba letu la tambarare, chini ya milima, na kopo la mawe mapajani, nawinga kuchakulo, kindi wa ardhini. Unapanda mahindi leo, kesho asubuhi wameshafuata mstari wako shimo kwa shimo, wamekula mbegu yote. Baba alichanganya pumba na sumu. Kopo nilibeba mimi. Huruma sikumbuki, nakumbuka tu mwaka ule tulipopanda mara tatu.

Ningeweza kumweleza pale pale. Nikasema twende tukale.

Saa mbili usiku tukampigia mama yangu kwa video. Kule alfajiri, ametoka kuswali, khanga bado kichwani.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu, mmeniletea nini?"

Mkubwa akasogeza picha kwenye kioo cha simu. Bibi akakunja jicho, akaangua kicheko.

"Hee! Si kuchakulo huyo? Muulizeni mama yenu! Alikuwa na shabaha huyo, hakosi!"

Vichwa viwili vikanigeukia kwa pamoja.

"Ulimpiga?"

"Niliwapiga. Walikuwa wanakula mahindi yetu."

Akafikiri kidogo, simu bado mkononi, Bibi bado anacheka.

"Na wao walikuwa na wanja?"

Nikamwambia sijui, sikuwahi kulala chini nikawatazama.