Kununua nyimbo tovuti za nje: kadi kukubali siyo uthibitisho wa duka halali

Madijei na wapenzi wa muziki hapa Mwanza wanazidi kuachana na nyimbo za kurushiwa kwenye flashi, wananunua wenyewe mtandaoni. Jambo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni imani iliyoenea kwamba ukishalipa, basi umehalalika. Malipo kupita maana yake ni kwamba kadi yako ina salio na benki imekubali. Haki ya muuzaji kuuza wimbo ule ni jambo jingine kabisa.

Kumbuka AllOfMP3, duka la Urusi lililovuma miaka ya 2000. Liliuza kwa megabaiti, na albamu nzima ilitoka kwa bei ya kutupwa, wakati iTunes ilitoza senti 99 za Dola kwa wimbo mmoja. Wenye duka walidai wana leseni ya ROMS, taasisi ya Urusi ya kukusanya mirabaha. Kampuni za muziki za Marekani na Uingereza zikajibu kwamba hazikuwahi kuipa ROMS ruhusa yoyote. Mwaka 2006 Visa na Mastercard zikaacha kupitisha malipo ya duka hilo, na mwaka 2007 likafungwa. Agosti mwaka huohuo mahakama ya Moscow ikamwachia huru aliyekuwa mkuu wake kwa kuwa mashtaka hayakuthibitishwa.

Wapo walioichukua hukumu ile kama kibali cha dunia nzima. Hakimiliki haiendi hivyo, inakwenda nchi kwa nchi. Faili likishuka kwenye simu yako ukiwa Kirumba, nakala imetengenezwa Tanzania, na sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo wimbo wa Mfaransa au wa Mkongo unalindwa hapa sawa na wa Msukuma wa Magu.

Wimbo mmoja una haki zaidi ya moja. Kuna haki ya mtunzi wa maneno na sauti, inayodumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuna pia haki ya aliyegharamia rekodi, na ya waliopiga na kuimba. Duka linapaswa kuwa na ruhusa ya pande hizo, tena ruhusa inayoihusu nchi uliyopo. Ndiyo maana duka safi kabisa la Paris linaweza kukuandikia kwamba albamu haiuzwi Tanzania. Inaudhi, lakini ni dalili ya duka linaloheshimu mikataba yake. Ukizunguka kwa VPN, programu inayoficha nchi uliyopo, unavunja masharti uliyoyakubali ulipojisajili, na akaunti ikifungwa, nyimbo ulizokuwa hujazipakua zinaweza kwenda nayo.

Namna salama ni kuanzia kwa msanii. Fungua ukurasa wake rasmi au wa lebo yake, ufuate kiungo cha duka alichokiweka mwenyewe. Bandcamp ni mfano mzuri: msanii au lebo ndiye anayeuza, na duka hukata 15% ya mauzo ya faili. Kisha soma maelezo ya albamu utafute alama ya ℗, mwaka na jina la mwenye rekodi. Alama ya © peke yake mara nyingi inahusu picha ya jalada na maandishi. Duka linalotaka uweke salio kwanza, lenye kila albamu ya kila lebo kwa bei moja, na lisilotaja mwenye rekodi popote, liache.

Kadi ya mtandaoni inakataa zaidi kwa sababu mbili: malipo ya nje hayajafunguliwa, au salio halitoshi baada ya kubadilisha fedha na kuongeza makato. Acha nafasi ya VAT pia, ambayo kiwango chake cha kawaida kwetu ni 18%. Wakikuomba postikodi, weka ile ya kata yako yenye tarakimu 5, siyo namba ya sanduku la posta.

Sasa faili lenyewe. MP3 ya 320 kbps inakula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 ni kama megabaiti 9.6, na albamu ya nyimbo 12 ni kama 115. FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, itakuwa mara tatu hivi. Usianze kupakua ukiwa ndani ya boti ya Nansio: mtandao ukikatika katikati, zipu, yaani faili moja lililofungasha albamu nzima, inabaki nusu na haitafunguka. Rudi kwenye akaunti uipakue upya, usinunue mara ya pili.

Ukishaipata, ipitishe kwenye Spek, programu ya bure inayochora masafa ya sauti. MP3 ya kweli ya 320 kwa kawaida hupanda hadi karibu kHz 20. Ukiona kila wimbo umekatwa kama kwa kisu kwenye kHz 16, huenda ni faili la 128 lililopulizwa likabandikwa namba kubwa. Kwenye spika za ukumbini matoazi yatasikika kama maji yanayochuruzika, na ukigeuza faili hilo kuwa FLAC, kilichopotea hakirudi.

Faili ulilonunua huwezi kuliuza tena kama CD. Kampuni ya ReDigi ya Marekani ilijaribu biashara hiyo, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyopo New York ikaikatalia kwa sababu kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Kwa sababu hiyohiyo, kuwarushia wateja kwa malipo nyimbo ulizonunua kihalali ni kosa vilevile.

Tena, bei uliyolipa ni ya kusikiliza binafsi. Kupiga baa, hotelini au kwenye feri ya Kamanga kunahitaji leseni ya matumizi ya hadharani, na kwa kawaida mwenye eneo ndiye anayeihangaikia. Aanzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Dijei amwombe nakala ya leseni kabla ya kufunga spika, na risiti zake za nyimbo azitunze kwenye folda moja, zenye jina lake, tarehe na jina la albamu.