Siku moja maishani mwangu: mhasibu wa komini, Lubumbashi

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha kuamka, kwa sababu maji ya bomba mtaani kwetu hutoka mapema na kukatika mapema. Saa kumi na mbili na nusu nimo ndani ya taksi, na dereva, ambaye tumezoeana, ananisalimu kama kila siku: "Jambo, Mama wa feza." Ndivyo ninavyoitwa na wengi, kuanzia askari wa mlangoni hadi watoto wa jirani, na nimelibeba jina hilo kwa miaka kumi na tatu. Ndani yake mna dhana kwamba fedha ya komini, yaani serikali ndogo ya sehemu ya mji, ni ya yule anayeshika ufunguo wa sanduku, na kwamba mtu akikosa malipo, basi ni mimi niliyemnyima kwa roho mbaya. Naieleza hapa Jumatano ya wiki iliyopita, jinsi ilivyokwenda, ili anayeniita hivyo aone ninachokifanya mezani pangu.

Saa moja na nusu nilifungua ofisi, nikahesabu fedha iliyolala sandukuni, nikailinganisha na daftari, nikatia sahihi.

Saa mbili waliingia watoza ushuru wa soko na vitabu vyao vya stakabadhi za siku iliyotangulia. Kila stakabadhi ina namba, na kila namba iliyochanwa lazima iwe na fedha yake mezani. Mama anayepanga nyanya chini hulipa kwa noti za mia mbili na mia tano, noti zilizochakaa na kunusa samaki, nami huzihesabu moja moja kwa sababu hizo ndizo zinazomlipia mfagiaji na wino wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Mtoza mmoja alikuwa na upungufu wa stakabadhi sita. Alizipata katika mfuko wa koti lake, hazikuwa zimetumika, lakini niliandika taarifa hata hivyo, naye alikasirika. Kodi na ushuru ambao jimbo na komini zinaruhusiwa kutoza umeorodheshwa katika amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Ushuru usiomo katika orodha hiyo, au unaotozwa bila stakabadhi, ni matabishi tu, yaani rushwa, na mama wa nyanya ana haki ya kuukataa. Ninawaambia hivyo akina mama wa soko kila ninapopata nafasi, ingawa wapo wenzangu wasiopenda niseme.

Saa nne nilikuwa benki, nikasimama kwenye foleni, nikarudishiwa noti moja ya dola kwa sababu ya mpasuko mdogo pembeni, nikarudi komini.

Ilikuwa yapata saa tano nilipomkuta yule mzee mlangoni pangu. Nitamwita Fundi, kwa kuwa jina lake si la kutajwa hapa. Nyuma yake, chini ya mjakaranda wa uani, walikaa vijana wanane. Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza, walizibua na kujengea upya mfereji wa barabara moja ambayo kila mwaka hujaa maji hadi ndani ya nyumba za watu. Mkubwa mmoja aliwaambia waanze kazi, karatasi zitafuata. Kazi ilikwisha, karatasi hazikufuata. Sasa Fundi alikuwa na ankara aliyoiandika kwa mkono, picha katika simu, na kijikaratasi chenye maneno machache: nenda kwa mhasibu akulipe.

"Baba, karibu, ukae kwanza," nilimwambia, nikaanza kumweleza jambo ambalo nimelieleza mara nyingi kuliko lolote lingine katika maisha yangu ya kazi. Fedha ya umma haitoki kwa hatua moja, hutoka kwa nne. Kwanza komini inafunga ahadi ya matumizi, yaani inathibitisha kwa maandishi kwamba kifungu kimo katika bajeti na kwamba fedha yake imetengwa kwa kazi hiyo. Kazi ikiisha, deni linahakikiwa: nani aliipokea, imefanyika kwa kipimo gani, bei ni ileile iliyokubaliwa? Tatu, mkuu wa komini anaamuru malipo. Hatua ya nne ndiyo yangu, nayo ni kulipa. Anayeamuru halipi, na anayelipa haamuru, na utengano huo uliwekwa makusudi ili mtu mmoja asiwe na kalamu na ufunguo kwa pamoja. Nikilipa bila hatua tatu za kwanza, wakaguzi wakija hawatamtafuta aliyeandika kijikaratasi. Watanitafuta mimi, na deni hilo litakuwa langu binafsi, hadi kwenye nyumba ninamolala na watoto wangu.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mama, kazi iko pale, kila mutu anaiona. Sasa kosa yetu ni nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosha, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nilisoma ankara yake mstari kwa mstari, nikitafuta angalau kitu kimoja cha kushika: tarehe, barua, sahihi ya aliyepokea kazi. Hakikuwepo. Nilimpigia simu mkuu wa huduma husika, hakupokea. Nilipanda ngazi mara mbili kwenda kuuliza, na mara ya pili nikaambiwa na sauti ya upole kabisa, "Mama, ulipe tu, tutarekebisha baadaye." Nikasema, "Niandikie hivyo na utie sahihi." Hakuna aliyeandika.

Niliporudi, vijana wawili walikuwa wamesimama mlangoni na mmoja alipaza sauti. Hapa shaba inatoka, kobalti inatoka, malori yanapita mchana na usiku, feza inaenda wapi kama si katika sanduku hili? Askari alitaka kuwatoa, nikamzuia. Nilichukua karatasi na kalamu, nikawaita wakae. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na inasema sehemu hiyo ikatwe papo hapo inapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa nazo entite za chini, yaani miji, komini, sekta na tawala za machifu, asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo. Maana yake, katika kila faranga 100 za mapato hayo, 16 zingepaswa kushuka hadi ngazi yetu, zikagawanywa kwa kuangalia idadi ya watu, ukubwa wa eneo na uwezo wa kuchangia. Kwa mrabaha wa madini, sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaacha asilimia 15 kwa entite ambamo mgodi unafanya kazi. Komini yetu haina mgodi, ina nyumba, masoko na mifereji. Na zile 16 hazikatwi papo hapo kama Katiba inavyotaka. Fedha inapanda hadi Kinshasa, kisha inasubiriwa irudi, na inaporudi huwa imechelewa na imepungua.

Yule kijana aliyepaza sauti aliomba ile karatasi. Nilimpa. Fundi hakuitazama hata kidogo, aliuliza tu atawaambia nini wake za vijana wake usiku huo. Alikaa kwenye kiti kile, kofia yake magotini, na nje wenye haja nyingine walizidi kuongezeka: anayetaka kulipia kibanda, anayetaka stakabadhi iliyopotea, mwalimu aliyekosea mlango. Niliwahudumia wote nikiwa na macho yake usoni pangu. Alipoondoka hakuniaga, na sikumlaumu.

Sijui bukari na sombe niliyoletewa niliila saa ngapi, ila najua ilikuwa imekwisha kupoa. Umeme ulikuwa umekatika, mfanyakazi mwenzangu alikuwa amekwisha kwenda, na bado nilipaswa kufunga hesabu za siku. Hazikukubali kufunga. Daftari lilinidai faranga 900 ambazo sandukuni hazikuwemo. Kwa mtu wa nje, faranga 900 si kitu, lakini mimi siondoki ofisini na tofauti, iwe ya faranga moja. Niliwasha taa ya simu nikaanza upya. Waliotangulia katika kazi hii walinifundisha kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kwa hiyo sikutafuta noti iliyopotea, nilitafuta mkono uliochoka. Niliupata katika mstari wa ishirini na kitu: 4,500 iliyopokelewa, 5,400 iliyoandikwa, na mwandiko ulikuwa wangu, wa saa ile ambapo Fundi alikuwa amekaa mbele yangu. Nilisahihisha kwa wino mwekundu bila kufuta, kama inavyotakiwa, nikatia sahihi na tarehe. Mgongo uliniuma, lakini hesabu ilifunga.

Giza lilikuwa limeingia nilipovuta karatasi nyingine. Nilimwandikia mkuu wa komini kwamba kazi ya mfereji imefanyika bila ahadi ya matumizi. Kwamba naomba aunde haraka tume ya kwenda kuipima na kuandika hati ya kuipokea. Kwamba deni litakalothibitishwa liandikwe miongoni mwa madeni ya komini na litafutiwe kifungu katika bajeti inayoandaliwa sasa kwa mwaka ujao. Na kwamba kuanzia leo pasiwe na fundi yeyote anayeanzishwa kazi kwa mdomo. Niliambatanisha ankara na majina ya vijana wanane. Kisha nikaiweka juu kabisa ya rundo mezani kwake, nikaibana kwa kile kipande cha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, anachotumia kuzuia karatasi zisipeperuke, ili akifika asubuhi aikute ya kwanza.